Kureseti DCT nyumbani: funguo, betri, skana, au kuifundisha klachi upya?

GiaBilaMguu (mwanzisha mada)

Habari zenu wadau. Nina pikipiki ya DCT (ile ya klachi mbili, inabadilisha gia yenyewe), huu mwaka wa tatu, haijawahi kunisumbua. Wiki iliyopita nilibadilisha oili mwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa imelala karibu mwezi mzima nikatoa betri nikaichaji, nikairudisha. Tangu hapo nina mambo mawili. La kwanza, nikibonyeza kutoka N (gia huru) kwenda D (ya kuondokea) mara nyingine inagoma, na mara mbili kile kistari cha kwenye kionyesha gia kimeanza kupepesa nikiwa barabarani. La pili, kuondoka kumekuwa na mshtuko. Zamani hukujua hata klachi imeshika saa ngapi, sasa inakudunda kiunoni.

Kila ninayemuuliza ananiambia "reseti hiyo". Shida ni kwamba kila mtu ana reseti yake. Mmoja anasema zima funguo, washa tena. Mwingine chomoa betri usiku kucha. Wa tatu anataka skana (kifaa cha kusoma hitilafu za kompyuta ya pikipiki), na wa nne anasema kuna namna ya kubonyeza vitufe klachi ikajifunza upya. Naombeni mnitofautishie: ipi inafanya nini, na ipi naweza kuifanya mwenyewe uani bila kujitafutia hasara?

Toroli

Mkuu usihangaike, chomoa betri. Mimi huwa nachomoa nusu saa tu, nikirudisha inakuwa kama mpya. Nimefanya mara tatu, zote imekubali.

Spana_Kumi

Toroli, kwa heshima zote, mara tatu ndani ya muda gani? Kitu kilichopona hakirudi mara tatu.

GiaBilaMguu, nianzie mbali kidogo, maana ukishaelewa chombo kinavyofanya kazi, hizo reseti zitajichambua zenyewe. DCT ina klachi mbili. Moja inabeba gia 1, 3 na 5, nyingine inabeba 2, 4 na 6. Ukiwa gia ya pili, ya tatu imeshaandaliwa kwenye klachi ile nyingine; kubadilisha gia ni klachi moja kuachia huku mwenzake anashika. Hakuna kebo wala mkono wa mtu hapo. Kinachozibana klachi ni presha ya oili, na oili yenyewe ni hii hii ya injini uliyoimwaga wiki iliyopita. Valvu za umeme zinapima presha iende kiasi gani, mota ndogo inazungusha ngoma ya gia, na kompyuta inasimamia vyote.

Sasa hiyo kompyuta ina kumbukumbu za aina mbili ambazo watu wanazichanganya. Kuna misimbo ya hitilafu, yaani "niliona kasoro mahali fulani". Na kuna vipimo ilivyojifunza: klachi ya kwanza inaanza kushika presha ikifika wapi, ya pili wapi. Ukizima funguo unaanzisha mfumo upya, basi, hujafuta chochote. Ukichomoa betri unapoteza saa na labda kile kipimo cha safari. Pikipiki nilizozifungua mimi, misimbo ya DCT niliikuta palepale hata betri ikilala nje usiku mzima, kwa sababu imehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Skana inafuta misimbo lakini haigusi vipimo vya klachi. Na kuifundisha klachi upya kunagusa vipimo lakini hakutibu kasoro yoyote.

Kwa hiyo swali lako la "ipi bora" halijakaa sawa bado. Kistari kilipopepesa, ulihesabu?

GiaBilaMguu

Kuhesabu nini, mkuu? Nilishtuka nikasimama pembeni, nikazima, nikawasha, kikaondoka. Nikaendelea na safari.

Spana_Kumi

Kuzima na kuwasha ulifanya vizuri. Ndiyo njia ya kwanza hata kwa kitabu cha mmiliki: simama mahali salama, zima, washa, jaribu D. Kama inakubali, unajikokota hadi nyumbani. Lakini hiyo ni ya kukufikisha tu.

Kupepesa kule ni lugha. Mpepeso mrefu, sekunde 1.3 hivi, ni kumi. Mfupi, kama sekunde 0.3, ni moja. Mirefu miwili na mfupi mmoja ni 21. Unachukua namba, unakwenda kwenye jedwali la kitabu cha ufundi cha modeli yako, linakwambia uanzie wapi. Piga video kwa simu, usitegemee macho. Na usifute chochote kabla ya kusoma. Anayefuta kwanza amechana barua kabla hajaifungua.

Nahodha_Wa_Njia

Naongezea hapo kwa D kugoma, maana si kila kugoma ni hitilafu. Pikipiki hizi hazikubali D stendi ya pembeni ikiwa chini, wala ukiwa umeshika eksileta hata kidogo. Injini ikiwa ndo imewaka na inanguruma kwa kasi ya baridi, subiri itulie kwanza. Mimi nilihangaika siku nzima kumbe swichi ya stendi imejaa tope, pikipiki inaamini stendi iko chini. Brashi na maji, kwisha.

Ila angalia tofauti: kwangu kistari hakikuwahi kupepesa. D ikigoma kimyakimya, tafuta stendi na eksileta. Ikigoma na kistari kinapepesa, hapo kompyuta ina la kusema.

Toroli

Mnanisema lakini yangu inatembea 😄

Mama_Klachi

Inatembea kwa sababu kila ukichomoa betri unarudisha na kukaza terminali (pale waya zinapofungwa kwenye betri), Toroli. Huenda dawa ni kukaza, wala si kuchomoa. Ulishawahi kukaza bila kuchomoa ukaona?

Nimtetee kidogo pia. DCT inapenda umeme uliotulia kuliko pikipiki ya kawaida: ile mota ya gia na zile valvu zote zinakula betri. Betri iliyopumzika na kujaa inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12 tu, halafu inaanguka vibaya ukibonyeza stata, utaona vituko ambavyo hata fundi mzuri ataviita ugonjwa wa gia. Na kumbuka hii huwezi kuisukuma ikawaka. Injini ikizimwa hakuna presha ya oili, klachi zote mbili zinaachia, matairi yanazunguka bure. Ndiyo maana zina breki ya kuegeshea. Ukiiacha kwenye mteremko kwa kutegemea gia utaikuta chini.

Rafu_Road

Swali la mgeni: hizi mpya za Yamaha zenye Y-AMT na zile za Honda zenye E-Clutch, reseti zake ni hizi hizi?

Spana_Kumi

Hapana ndugu. Hizo ni gia za kawaida zenye klachi moja, ila kuna mota zinafanya kazi ya mkono, na kwa Y-AMT hata ya mguu. Klachi mbili zinazokamatwa kwa presha ya oili ni kitu kingine. Honda waliianza kwenye VFR1200F ya 2010, ikaenda kwenye modeli zake za NC, Africa Twin, X-ADV na Gold Wing. Usichukue maelekezo ya huku ukayapeleka kule.

Mama_Klachi

Turudi kwenye ulinganisho, maana mimi ndiye labda pekee hapa niliyewahi kufundisha klachi upya kwa sababu halali: nilibadilisha seti ya klachi. Baada ya kazi ya namna hiyo, au kubadilisha kompyuta au valvu za presha, vipimo vya zamani havina maana tena, ni vya klachi ambayo haipo. Hapo ni lazima.

Zoezi lenyewe halina maajabu. Pikipiki imesimama wima mahali tambarare, N, injini imefikia joto lake la kazi, na haushiki eksileta hata kwa bahati mbaya. Unaingiza pikipiki kwenye hali ya kujifunza kwa mfuatano wa vitufe, unawasha, halafu unakaa mikono mifukoni. Utaisikia inapandisha na kushusha mngurumo yenyewe, klachi zinaguswa moja moja. Ikimaliza inakuonyesha kwenye kioo cha dashibodi. Ikikataa katikati, mara nyingi ni joto: ama haijapasha vya kutosha ama imezidi.

Nilihisi tofauti? Ndiyo, lakini nilikuwa na klachi mpya. Mtu mwenye klachi ya zamani na oili mbaya akifanya zoezi hili, anaifundisha kompyuta tabia za oili mbaya.

Toroli

Weka huo mfuatano wa vitufe basi dada, tusizunguke.

Mama_Klachi

Siweki. Wangu ni wa modeli yangu na mwaka wake. Kitabu cha ufundi cha modeli yako kinao, ukurasa mmoja tu. Ukikosea kitufe kwenye hali hiyo hujui umeingia wapi.

Nahodha_Wa_Njia

Na ile ya kufuta kwa kipande cha waya kwenye soketi ya uchunguzi? Nimeona watu wanaunganisha pini mbili tu, bila skana.

Spana_Kumi

Inafanya kazi kwa nyingi za zamani, na ndivyo tulivyofuta kwa miaka. Lakini waya huo hauna huruma: ukiunganisha pini isiyo yake unaweza kuunguza kompyuta, na hapo utatamani ungebaki na kistari chako. Kuna kiunganishi maalum cha kazi hiyo, kinaingia pale tu panapostahili; afadhali hicho. Zile zilizotengenezwa kwa kanuni za Euro 5 (za moshi, za Ulaya) zina soketi nyekundu ya pini sita, unaweka adapta na skana ya kawaida inasoma. Ila mara nyingi skana ya kawaida inaona injini tu. Ikikwambia "hakuna hitilafu" huku kistari kinapepesa, skana haijaangalia kule.

Ukinilazimisha nipange kwa mtu aliye nyumbani: funguo kwanza, haina hasara. Halafu usisahau betri, lakini kwa maana ya kupima na kukaza, si kuchomoa. Halafu kusoma msimbo. Kufuta kunakuja baada ya kurekebisha, ili uone kama unarudi. Kufundisha klachi mwisho kabisa, na kwa sababu inayojulikana.

GiaBilaMguu, ule mshtuko wa kuondoka. Oili uliyoweka ni gani, na uliipimaje?

GiaBilaMguu

10W-30 yenye alama ya JASO MA (ya oili za pikipiki ambazo klachi inalowa oili), kama kitabu kinavyotaka. Chujio nilibadilisha zote mbili, la injini na lile dogo la klachi. Kupima, niliwasha kidogo, nikazima, nikaangalia hapohapo. Ilionekana chini nikaongeza.

Spana_Kumi

Hapohapo?

Mama_Klachi

Haya tumefika 😅

Spana_Kumi

Ukizima injini oili bado iko juu, kwenye kichwa cha injini na kwenye njia zake. Ukipima hapohapo inaonekana pungufu, unaongeza, ikishuka yote umezidisha. Iache ingurume bila kuigusa dakika 3 hadi 5, zima, subiri dakika 2 au 3, pikipiki wima mahali tambarare, ndipo uangalie. Oili iliyozidi inapigwapigwa na krenki inaingia hewa, na oili yenye hewa haitoi presha ya kueleweka. Klachi yako inategemea hiyo hiyo presha.

GiaBilaMguu

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne.

Nilianza na betri. Terminali ya hasi niliikaza kwa vidole tu ile siku, nikasahau spana. Ilikuwa inacheza. Nimekaza. Kisha nikapiga video ya kistari, nikahesabu, nikaitafuta namba kwenye jedwali: ilinielekeza upande wa umeme wa mota ya gia. Inaingia akilini kabisa na terminali inayocheza.

Oili nilipima kama mlivyosema. Ilikuwa juu ya alama ya mwisho, si kidogo. Nimetoa mpaka katikati ya alama mbili. Nikatembea nayo jana na leo, ule mshtuko sijausikia tena, na D haijagoma. Msimbo nimefuta leo asubuhi kwa skana ya rafiki. Klachi sijaifundisha chochote, sikuona sababu.

Kitu kimoja tu kinanisumbua: taa ya ABS (breki zinazozuia gurudumu kujifunga) imewaka baada ya mimi kuiweka stendi ya kati na kuingiza D kuangalia gurudumu la nyuma. Nayo nireseti?

Nahodha_Wa_Njia

Hiyo usiiguse. Gurudumu la nyuma lilizunguka la mbele limesimama, ABS ikashangaa. Zima, washa, tembea kidogo barabarani, itazimika yenyewe. Isipozimika ndo urudi hapa.

GiaBilaMguu

Imezimika kabla sijafika mwisho wa mtaa. Shukrani.

Toroli

Nimeenda kuangalia terminali yangu. Sina la kusema.