Kodi ipande au tuendelee kulipia hospitali mfukoni? Naombeni ushauri

mama_kiborloni:
Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nauza mitumba Kiborloni hapa Moshi, mume wangu anaendesha Noah ya abiria ya Marangu. Jana tumebishana mpaka ugali ukapoa. Yeye anasema kodi ikipanda hata shilingi ni kunyonywa tu. Mimi nasema bora ipande, hospitali iwe bure.

Daftari langu hili hapa. Mwaka jana mtoto wetu wa pili alilazwa siku nne, bima hatuna. Daktari, vipimo, kitanda, dripu: 187,000. Nilikuwa na 37,000, iliyobaki nikakopa kikoba kwa riba ya asilimia 10. Desemba ikafika, watu wanapanda mlimani kwao kwa sikukuu na watoto wao, mimi sina hata belo moja la nguo za watoto.

Nikimwambia hivyo ananijibu, "Na tozo ya miamala ya simu ilikupa nini?" Nabaki kimya. Nimekosea wapi?

babu_kibosho:
Hujakosea, mwanangu. Nililipa ada ya sekondari ya kutwa, 20,000 kwa mwaka kila mmoja, kwa watoto wawili. Wa tatu akaingia kidato cha kwanza 2016, ada imefutwa. Analipa nani? Sisi sisi, kwenye VAT ya asilimia 18 ya sabuni na bati, ila hudaiwi yote Januari. (Debe la mahindi ya chakula cha shule bado nalibeba.)

konda_mstaafu:
Mumeo ana hoja yake. Tozo ilianza Julai 2021, tukapiga kelele, Septemba ikapunguzwa asilimia 30. Mwaka 2023 kodi ya mafuta ikaongezwa shilingi 100 kwa lita. Noah ikinywa lita 20 kwa siku, hiyo ni 2,000. Kwa siku 26 ni 52,000. Mwenye Prado pale Shantytown, mtaa wa wenye nazo, analipa mia hiyo hiyo kwa lita, na hana abiria wa kugombana naye nauli. Kabla hujaunga mkono kodi, uliza anakatwa nani.

nesi_zamu_ya_usiku:
Dada, mwaka mmoja haupimi kitu, mtoto halazwi kila mwaka. Jumlisha mitatu pamoja na riba, gawa kwa miezi 36. Hiyo ndiyo "kodi" unayolipa sasa, tena unailipa siku ambayo mtoto ana homa na duka limefungwa. Na wakati mnabishana, pita ofisi ya kata uulizie bima ya kaya.

mama_kiborloni:
Asante dada. Mwaka jana 187,000 na riba 15,000. Miaka miwili ya nyuma 63,000 na 41,000. Jumla 306,000, kwa mwezi 8,500.

Nimemwonyesha baba watoto. Kaangalia muda mrefu, akasema, "Mbona kwenye mafuta nakatwa mara sita ya hiyo?" Nikamwambia ndiyo hivyo, na ile mia ilisemwa ni ya miradi mikubwa, siyo dawa. Sasa hataki kulala, anataka kujua mkutano wa mtaa ni lini.