Mshauri elekezi kaweka chai juu ya daftari langu!!!

Mwangaluka wakuu. Salamu ziishie hapo, nina hasira.

Yule jamaa. Jina silitaji, mnamjua, yule ambaye ncha za viatu vyake zinafika kikaoni dakika tano kabla yake. Bosi kamleta achunguze kwa nini kazi yetu ya dagaa inashuka kila mwezi. Siku tatu anakula sato tu, leo asubuhi katuita, kawasha projekta: "Maamuzi yazingatie ushahidi." Nikasema moyoni, afadhali. Slaidi ya pili: ushahidi una vyanzo vinne, yaani tafiti za wanasayansi, takwimu za kampuni yenyewe, uzoefu wa watu wa kazi, na maoni ya watakaoguswa na uamuzi. Safi kabisa! Mimi takwimu ninazo mkononi. Daftari la mizani, miaka mitatu, kila gunia lililoingia, tarehe na kilo. Nikamsogezea.

Akaweka kikombe juu yake.

Chai ya maziwa, wakuu. Kikombe kimelowa chini. Hata hakutazama, alikuwa anatafuta pa kukitua.

Halafu akaleta mchoro: kila mwezi kazi inaporomoka siku kadhaa. Sababu? Wafanyakazi hawana ari. Dawa? Semina ya hamasa siku mbili, hotelini Capripoint. Jamani! Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaingii ziwani, maana dagaa hafuati taa kwenye mbalamwezi! Hilo hata mbuzi wa Mwaloni wanalijua. Akina mama wa kuchambua wamekaa kwa sababu hakuna cha kuchambua, yeye anataka wakapigishwe makofi waimbe "tunaweza". Akauhamasishe mwezi!

Nikanyoosha mkono, nikamwambia tarehe zote zimo humo, chini ya kikombe chako. Akasema: "Mama, hapa tunaongea kwa ushahidi, siyo kwa mazoea." Kainua kikombe, KANYWA, karudisha palepale. PALEPALE! Ukurasa wa Machi una duara kama muhuri wa serikali.

Furu Mkavu: Nimewahi siti ya mbele. Picha ya duara tafadhali.

Mzee wa Kivuko: Pole mama, ila na wewe daftari la miaka mitatu unalisogezaje kwa mtu mwenye chai?

Mleta uzi: Mzee wa Kivuko, hebu tuonyeshe viatu vyako.

Sindano Butu: Mimi ni nesi. Hayo mambo ya ushahidi yalishika kasi kwa madaktari miaka ya 1990, ndiyo yakahamia maofisini. Huyo wenu ni sawa na daktari anayeegesha chai kwenye majibu ya maabara halafu anaandika panadol. Na sisi tuliletewa wa kwetu, akashauri tubadilishe rangi ya mapazia foleni ipungue. Mapazia mapya, foleni ileile.

Gogo la Igogo: Afadhali mapazia. Wetu kiwandani alitugawia kadodoso ka kujua wewe ni mtu mwekundu, njano, kijani au bluu. Mimi nikatoka kijani, nikahamishwa idara. Mwaka wa pili huu napasua sangara kwa sababu ya rangi.

Furu Mkavu: Mkuu kijani nimecheka mpaka abiria wenzangu wamegeuka.

Mwana Ujiji: Kelele zote hizi kwa ajili ya dagaa wa Mwanza? Ule mchanga wenye macho? Njooni Kigoma mle dagaa.

Furu Mkavu: Ameshaanza. Dagaa wenu bei ya mahari.

Gogo la Igogo: Mchanga wa Kanda ya Ziwa una dhahabu mkuu, tafuna taratibu.

Sindano Butu: Huo mchanga unaleta wagonjwa wa meno, na mapazia hayasaidii.

Mleta uzi: Wakuu, kikombe hadi sasa kiko pale!

Mzee wa Kivuko: Kikombe kipi tena? Mwana Ujiji, huko kilo wanauzaje?