Je, soda ya chupa inatosha kuumua keki isiyo na ngano?

Mwokaji wa Nyegezi
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaoka keki za kuuza hapa Mwanza, na mteja mmoja ameniagizia keki ya kuzaliwa ya mtoto wake mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye haruhusiwi kula gluteni (protini iliyomo katika ngano na baadhi ya nafaka) hata kidogo. Nimekusudia kutumia unga wa mchele na wanga wa muhogo. Nimeshauriwa kuweka Fanta ya machungwa badala ya maziwa ili gesi yake iumue keki. Je, naweza kuacha bekingi pauda?

Mama Ulezi, Nansio
Usiiache, mwanangu. Gesi ya soda hutoka kwa wingi unapokoroga, na ile inayobaki hupotea kabla keki haijashika kwa moto. Katika ngano, gluteni ndiyo inayoizuia gesi isitoroke. Mchele hauna kizuizi hicho, kwa hiyo kazi yake uwape mayai, uyapige mpaka yaumuke vizuri. Wenzetu wa pwani wamelijua hili tangu zamani katika mkate wa kumimina, ambao ni mchele, nazi, sukari, hamira na mayai, na hauhitaji ngano hata chembe.

Soda ina faida nyingine: unyevu, ladha, na sukari inayoizuia keki isikauke upesi. Soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, hivyo punguza sukari ya mapishi.

Fundi wa Kirumba
Naongeza kuhusu asidi. Ile ya Fanta huamsha bekingi soda, lakini ni kidogo, na ukizidisha bekingi soda keki itakuwa na ladha ya sabuni. Tegemea bekingi pauda. Koroga kwanza unga, mayai, mafuta na maji kidogo, uache kwa nusu saa ili chembe za mchele zilainike, kisha utie bekingi pauda na Fanta mwishoni na kuoka mara moja. Kama unatumia jiko la mkaa, moto wa juu uwe wa wastani, kwa sababu sukari ya soda huunguza uso wa keki ilhali kati bado ni mbichi.

Dada wa Igoma
Kwangu mimi, swali la kwanza ni unga umesagwa wapi. Mashine ikisaga ngano asubuhi na mchele wako mchana, masalia yanatosha kumdhuru mtoto huyo. Chekeche na mwiko viwe vile ambavyo havijagusa ngano, na usome lebo ya bekingi pauda, maana baadhi huchanganywa na wanga wa ngano. Vinywaji vya kimea usivitumie kabisa, kwa kuwa kimea hutokana na shayiri, ambayo nayo ina gluteni.

Mwokaji wa Nyegezi
Nashukuru sana, Mama, na ninyi nyote. Mashine ninayosagia husaga ngano pia, kwa hiyo mchele nitautwanga nyumbani kwa kinu kipya.