Santuri ya Procol Harum ya 1968: ogani inayumba, au santuri imepinda?

Mwana wa Malindi
Assalaam alaykum. Marehemu ami yangu, aliyekuwa baharia, aliniachia santuri kadhaa, na miongoni mwao imo "Shine On Brightly" ya Procol Harum, iliyotoka mwaka 1968, zama za mahipi. Kundi hili watu wanalijua kwa wimbo mmoja tu, "A Whiter Shade of Pale" wa mwaka 1967, lakini santuri hii sijasikia mtu akiitaja, nami kila nikiisikiliza naona imeupita ule wimbo. Kwa nini imesahauliwa? Swali jengine ni la aibu kidogo: sauti ya ogani inayumba, mara polepole, mara kwa kasi, utadhani mtu anapunga kawa mbele ya spika. Je, santuri imepinda kwa joto la mabati yetu?

Fundi wa Wete
Wa alaykum salaam. Usiitupe. Isikilize piano pale pale ogani inapoyumba: ikiwa piano imetulia, santuri ni nzima, kwani santuri iliyopinda huyumbisha kila kitu pamoja, hata sauti ya mwimbaji. Ogani unayoisikia humo ni Hammond, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, na ndani yake mna magurudumu ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku zenye nyaya na kuzaa umeme, na umeme huo hupelekwa kwenye spika ya Leslie, sanduku la mbao ambalo ndani yake honi huzungushwa na mota. Honi ikizunguka kuja upande wako sauti hupanda kidogo, ikizunguka kwenda mbali nawe hushuka, kama honi ya gari linalokupita Darajani. Mwendo wa pole au wa kasi huchaguliwa na mpigaji mwenyewe kwa swichi.

Mpiga Akodioni
Mimi hupiga akodioni katika taarab, kwa hivyo nitasema juu ya mkono wa mpigaji. Matthew Fisher, mpiga ogani wa kundi, hashindani na Gary Brooker anayeimba. Humshikilia kwa noti ndefu chini yake, kisha humjibu baina ya mistari, kama sisi tunavyomwachia mwimbaji ubeti wake. Sikiliza "Quite Rightly So", wimbo wa kwanza kabisa wa santuri hii. Akodioni ina mivukuto, na noti yangu huishiwa pumzi nikitaka nisitake. Noti ya Hammond haiishi mpaka kidole kiinuliwe, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwani mpigaji asiyejua kunyamaza huuzamisha wimbo mzima. Fisher anajua kunyamaza. (Wapo wapiga kinanda wa hapa kwetu ambao ningependa waisikilize santuri hii, lakini sitawataja.)

Barza ya Mkunazini
Nakubaliana nawe, ila tusiitie chumvi. Upande wa pili umemezwa karibu wote na kazi moja ya dakika 17 hivi, "In Held 'Twas in I", ambayo jina lake limeungwa kwa maneno ya mwanzo ya sehemu zake, na yale mazungumzo yake ya mwanzoni mimi hunichosha. Ama kusahauliwa, santuri haikuingia katika chati ya mauzo Uingereza, ingawa Marekani ilifika nafasi ya 24. Sababu kubwa naiona ni ule wimbo wa 1967, kwani kila walichokifanya baadaye kilipimwa kwa kipimo chake. Hata Fisher, aliyeliacha kundi mwaka 1969, jina lake lilirudi magazetini kwa kesi ya kudai kutambuliwa kuwa mmoja wa watunzi, kesi aliyoishinda katika Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, mwaka 2009. Na kesi yenyewe ilihusu wimbo gani? Ule ule.

Mwana wa Malindi
Nimejaribu kama alivyosema Fundi, na piano imetulia tuli huku ogani ikizunguka pembeni yake. Santuri nimeishusha kutoka darini, na sasa imesimama wima kabatini, penye kivuli. Mkwaruzo uliobaki ni wa sindano, ambayo nakiri sijaibadilisha tangu ami yangu alipofariki.