Makinga maji kwenye shamba la mteremko Lushoto, nichimbe au yatanimalizia eneo?

mpanda_karoti

Wakuu habari za mchana, naombeni mawazo maana nimekwama. Nipo Lushoto upande wa Mlalo, nina shamba kama eka moja hivi, na nikisema mteremko namaanisha ule ambao kiazi kikikuponyoka unakifuata kwa jirani. Nusu ni urithi wa mzee, nusu nakodi mwaka kwa mwaka. Masika naweka mahindi na maharage, vuli viazi mviringo na karoti kidogo.

Sasa udongo unaisha. Masika iliyopita ilipiga mvua usiku mmoja tu, asubuhi naenda nakuta samadi niliyobeba kichwani siku tatu yote iko bondeni, na kule juu mawe yameshaanza kuchomoza. Nikasema isiwe tabu, nikachimba matuta manne ya kukinga maji mwenyewe, kwa macho tu. Mvua iliyofuata maji yakakusanyika upande mmoja, tuta likakatika, yakashuka kwa pamoja hadi kwenye maharage ya jirani, korongo lipo mpaka leo na jirani siku hizi ananisalimia huku anaangalia pembeni.

Bwana shamba alipita akasema piga matuta ya ngazi shamba zima. Nimepiga hesabu nikitoa kingo zote naona nabaki na kama robo tatu eka, halafu shemeji yangu aliwahi kuchimba hizo ngazi, udongo mwekundu wa chini ukaja juu, mahindi mwaka ule yakaishia magotini. Mimi nina watoto wanne, mwaka mmoja bila mahindi hapa ndani hatutoki. Yupo aliyefanya akaona faida ya mfukoni? Mambo ya semina nimeshayasikia.

kijana_wa_masaku

Pole sana ndugu. Mimi niko Machakos, Kenya, huku kwetu kila mlima una mitaro. Usianze na hizo ngazi za kugeuza shamba lote, fanya juu. Unachimba mtaro kukata mteremko, upana futi mbili kina futi mbili, na ule udongo unautupa upande wa juu, ndio maana ikaitwa hivyo, ukitupa chini inakuwa fanya chini na hiyo ni story ingine. Kati ya mtaro na tuta acha kikanyagio kama shibiri moja la sivyo udongo wote unarudi mtaroni mvua ya kwanza. Juu ya tuta panda majani ya nepia mara moja, usingoje.

Uzuri wake ni huu, udongo wa chini unaotoka ni wa kwenye mtaro peke yake. Shamba lenyewe unaendelea kulima kama kawaida, kila msimu maji na jembe vinashusha udongo kidogo kidogo unagota kwa tuta, na wewe unaongeza tuta, baada ya miaka kadhaa unashtukia pamekuwa flati. Ile shida ya shemeji wako haikupati.

Kazi ni ngumu sikudanganyi. Mamangu alichimba na mwethya, ni kikundi cha majirani, leo kwako kesho kwangu, wewe unapika tu. Peke yako utachoka mstari wa pili.

Na wachana na kupima kwa macho bana. Chukua fito mbili za mita mbili, funga zikutane juu, weka fito ya kukatisha katikati na uitie alama katikati yake, ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka pale juu. Uzi ukigusa alama ya katikati miguu yote miwili iko level. Unatembea nayo unachoma vijiti. Mtoto wa darasa la tano anaweza.

BiMkubwa_Soni

Huyo kijana kasema vizuri, ila mwanangu wa Mlalo usibebe mambo ya Machakos mzima mzima. Kwao mvua chache, wanataka kila tone libaki shambani. Kwetu masika ikikolea, ukiyafungia maji yote kwenye mteremko mkali udongo unalewa halafu unaporomoka wote na migomba juu. Mtaro wako uweke uinamie kidogo, kidogo sana, upande mmoja, maji yatembee polepole hadi kwenye mkondo uliopandwa majani yaliyoshikana. Na huo mkondo kaa na jirani mkubaliane unapita wapi KABLA hujashika jembe, maana nakuona kesi ya kwanza bado hujaimaliza.

Hesabu yako ya robo eka naona umeikosea. Unahesabu tuta kama eneo lililopotea. Mimi kingo zangu nimepanda majani ya guatemala na mabingobingo, ndiyo hiyo nepia, na miti ya kaliandra kila baada ya hatua chache, na hapo ndipo ng'ombe wangu anapokula. Nilikuwa nanunua majani au natuma mtoto msituni, sasa nakata nyumbani. Maziwa yananiingizia hela ya sabuni na daftari kila wiki, mahindi yananipa mara moja kwa mwaka. Na samadi ndiyo hiyo narudisha shambani, siku hizi haishuki bondeni. Kama huna ng'ombe wauzie wenye ng'ombe, kiangazi majani ni biashara.

Shemeji yako alikosea hapa: unakwangua kwanza udongo mweusi unauweka pembeni, unachimba, ukimaliza unaurudisha juu. Watu wanaona uvivu. Pale palipobaki pekundu mwaka wa kwanza usilazimishe mahindi, weka viazi vitamu au fiwi na samadi kwenye shimo.

Mmatengo_og

Sisi Mbinga, Ruvuma, tuna ngoro tangu mababu na milima yetu si mchezo. Mvua zinapokaribia kuisha mwezi wa tatu unafyeka majani, unayalaza shamba zima kwa miraba, unachimba katikati ya kila mraba na udongo unafunika yale majani. Inakuwa kama mashimo mashimo, maji yanatua shimoni. Maharage juu ya matuta kwanza, mahindi yanafuata mvua za mwisho wa mwaka, wakati yale majani yameshaoza. Shamba linapumzika kwa zamu lakini, na eka moja hiyo sijui utapumzisha wapi. Natoa tu kwa kujua.

babu_hajasahau

Mnachekesha. Babu yangu hapohapo Mlalo mkoloni aliwalimisha matuta kwa nguvu, usipochimba faini. Waluguru nao walipochoka kule Matombo, Morogoro, 1955 pakawa na vurugu, polisi wakapiga risasi mtu akafa. Sisemi matuta mabaya, nasema watu walichimbishwa bila kuona yanawalipa nini, mkoloni alipolegeza watu wakayasawazisha na jembe lilelile.

Dogo swali langu, hiyo nusu ya kukodi unataka kuchimba kwa faida ya nani? Ukishaitengeneza ikapendeza mwenyewe anairudisha anampa mwanawe. Nimeshuhudia mara mbili.

mpanda_karoti

@babu_hajasahau umenigusa penyewe hapo, ndiyo maana nasitasita na sikutaka kusema. Mwenye shamba hata karatasi hatuna.

@BiMkubwa_Soni shikamoo mama, ile ya majani sikuiwaza kabisa, nilikuwa naona kingo kama hasara tupu. Ng'ombe sina ila mbuzi wawili wapo.

BiMkubwa_Soni

Marahaba. Ya kukodi usichimbe, panda mistari ya guatemala tu kwa kufuata vijiti vya kontua, vile vya level alivyosema kijana, ni kazi ya siku mbili na majani mbuzi wanakula tangu mwaka huohuo, udongo utajikusanya wenyewe. Halafu mwombe akuandikie hata miaka mitatu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akikataa umeshajua. Nguvu ya jembe peleka kwenye nusu yako, na anza JUU, si chini. Ukianzia chini maji ya juu yanakuja yamekasirika yanavunja yote, na ndicho kilichokukuta bila shaka.

mpanda_karoti

Duh kweli, nilianzia chini karibu na njia. Basi ya juu mistari miwili kabla ya vuli, nitamuita na huyo jirani tupime pamoja. Mapando ya guatemala napata wapi huku, au nije Soni?

BiMkubwa_Soni

Njoo na kiroba na panga, Jumapili mchana. Ukate vipande vyenye vifundo vitatu, vikikauka njiani usinilaumu.