"Flagship" ya biashara na ya jeshi la majini: ni kitu kimoja?

Mdau_wa_Kamusi:
Wakuu, naomba ufafanuzi wa neno "flagship". Kwenye historia ya vita vya baharini linatajwa kwa manowari, halafu kwenye taarifa za kampuni nalikuta kwa duka, simu, hata mradi. Nikitafsiri "meli ya bendera" naona haitoshi, maana meli zote si zinapeperusha bendera? Na kibiashara, ni bidhaa inayouzika zaidi au ile ya bei kubwa?

Usukani:
Tuanzie baharini, ndiko lilikotoka. Ni manowari anayokaa kamanda wa kundi la manowari au wa sehemu ya kundi hilo, aghalabu admirali. Bendera inayotajwa ni ya cheo chake, si ya taifa. Hupandishwa mlingotini ili manowari nyingine zijue amri zinatoka wapi.

Kwa hiyo hadhi inamfuata mtu, si chombo. Kwenye vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805, Waingereza walikuwa na maadmirali watatu: Nelson ndani ya Victory, Collingwood ndani ya Royal Sovereign, Northesk ndani ya Britannia. Kundi moja, "flagship" tatu. Royal Sovereign ilipovunjikiwa milingoti, ishara za bendera hazikuwa na pa kupandishwa. Collingwood, ambaye Nelson alipofariki ndiye aliyebaki na amri, akahamia Euryalus, frigeti, yaani manowari ndogo, ya mizinga 36 tu. Victory ilikuwa na zaidi ya 100 na bado ilikuwa inaelea, lakini amri sasa ilitoka kwenye frigeti.

Hata leo si lazima iwe yenye silaha nyingi. USS Blue Ridge ya Kikosi cha Saba cha Marekani ina silaha chache. Kazi yake ni kubeba maofisa wa makao ya kamanda na mitambo ya mawasiliano.

Halafu admirali si nahodha wa meli hiyo. Nahodha wa Victory alikuwa Thomas Hardy.

Hesabu_Safi:
Kwenye biashara maana imegeuka kidogo: ni kitu kinachobeba jina la kampuni. Si lazima kiongoze kwa mauzo. Chukua Samsung: Galaxy S ndiyo "flagship", ila Galaxy A za bei nafuu ndizo zinazouzwa kwa wingi. Bei kubwa nayo ni dalili tu, kwani "flagship" ya kampuni ya vitu vya bei rahisi inaweza kuwa rahisi pia.

Kwa duka, ni lile lenye bidhaa karibu zote na mapambo ya kuonyesha sura ya kampuni. Faida yake peke yake inaweza kuwa ndogo, maana maduka hayo huwekwa sehemu zenye pango kubwa; kampuni inalihesabu nusu duka, nusu tangazo. Usiandike "makao makuu", hizo ni ofisi. Na "duka kuu" ni mtego, wengi wataelewa supamaketi.

Mimi naandika "bidhaa kinara", "duka kinara". Kwa miradi tayari tuna "mradi wa kielelezo", hakuna haja ya kubuni.

Mdau_wa_Kamusi:
Shukrani wakuu. Na kwa manowari niandike "manowari kinara"?

Usukani:
Hapana, msomaji atadhani ni ile bora kuliko zote. Andika "manowari ya admirali" au "manowari ya kamanda wa kundi". "Meli ya bendera" iepuke kabisa, kwa sababu mabaharia wakisema meli ina bendera ya Panama wanamaanisha imesajiliwa huko.

Ukikuta "admirali alihamisha bendera yake", usitafsiri "alibadili bendera", hapo utakuwa umemfanya msaliti. Sema "alihamia manowari nyingine na kuongoza kundi kutoka huko".

Hesabu_Safi:
Nyongeza: kwenye matangazo utakuta kampuni moja ina "flagship" tano katika miji mitano. Si kosa, ila usitafsiri "la pekee". "Mojawapo ya maduka kinara" inatosha.