Mamangu ana uvimbe wa thaimasi, sasa mdomo na ngozi vyaharibika

BintiLikoni: Asalaam aleikum. Mamangu ana miaka 58. Mwaka jana kope zilianza kumlala, jioni hata kutafuna mkate wa mofa akawa hawezi. Akaambiwa ni mayasthenia gravisi, maradhi ya kinga ya mwili kuidhoofisha misuli, na picha ya CT ikaonyesha uvimbe nyuma ya mfupa wa kifua, kwenye tezi ya thaimasi. Twangoja upasuaji. Mwezi huu mdomo umejaa vidonda, midomo yatoka damu, mikononi pana madoa ya zambarau. Duka la dawa wametupa dawa ya fangasi mara mbili, wapi! Jirani asema ni pweza amemdhuru. Je, ni uvimbe? Hata uji uliopoa wamchoma, huishia kulia mbele ya bakuli.

NesiKisauni: Waaleikum salaam, pole dada. Yaweza kuwa ni uvimbe. Thaimasi ndiyo chuo cha seli T za kinga; humo hufunzwa zisiushambulie mwili wenyewe. Penye uvimbe, nyingine hutoka hazijafunzika. Zimeshaigusa misuli, na ngozi na mdomo pia zaweza kuviandama. Ni nadra, lakini yajulikana: kuna laikeni planasi, ya madoa ya zambarau na vidonda vya mdomo, na kuna pemfigasi ya wenye uvimbe, ya malengelenge na vidonda, iliyoelezwa mara ya kwanza 1990. Hii ya pili huanzia sana mdomoni na yaweza kuingia mapafuni, kwa hivyo akikohoa au pumzi ikimbana, msingoje kliniki. Fangasi nayo msiitupe, maana wengine wenye uvimbe huu kinga hushuka. Akatwe vinyama viwili vya kupimwa: kimoja maabara ya kawaida, cha pili cha kutafuta kingamwili zinazoishambulia ngozi, nacho kisitiwe fomalini, ile dawa ya kuhifadhia vinyama. Hilo ulizeni kabla hajakatwa.

BabuBondeni: Mwanangu, mimi nilitolewa uvimbe huo. Kila anayempa dawa mwambieni ana mayasthenia. Antibiotiki kama gentamaisini, siprofloksasini, azithromaisini zaweza kumlegeza hadi misuli ya pumzi. Hata stiroidi, dawa za kutuliza kinga, akipewa za kumeza au sindano kwa ajili ya ngozi, dozi kubwa ya ghafla yaweza kumzidishia mtu udhaifu siku za mwanzo. Daktari wa ngozi na wa neva wazungumze. Na msivunjike moyo ngozi isipopona mara tu baada ya upasuaji.

MamaTausi: Pweza muacheni jamani. Mpe maziwa baridi kwa mrija.

BintiLikoni: Shukrani, babu, dada zangu. Nimempigia daktari wa kifua, asema tumlete kesho, atamwita na wa ngozi. Twavuka feri saa kumi na moja alfajiri. Dawa zake zote nimeziandika, na la fomalini nimelitia juu kabisa.